Upepo wa Jambiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utabiri na mapigo ya upepo

Karibu kila jioni baada ya magharibi kuna mtu hunisimamisha dikoni, pale vyombo vinapoegeshwa, na kuniuliza, "Kesho vipi?" Anayeuliza anaweza kuwa nahodha wa ngalawa, kijana wa boti ya faiba, au mama anayetaka kujua kama kamba zake za mwani zitakuwa salama hadi bamvua, siku za maji makubwa. Maswali ni yale yale, na majibu ninayotoa wima mchangani huwa mafupi kupita kiasi. Hapa nimeyaandika kwa urefu wake. Nimeandika kwa ajili ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, lakini jirani zetu wa Paje, Bwejuu na Makunduchi watajikuta humu pia.

Simu imesema kilomita 20 kwa saa. Mbona huku upepo unapeperusha mchanga?

Kwa sababu ile 20 ni wastani. Kwa kanuni ya kimataifa, kasi ya upepo ni wastani wa dakika 10, kwenye kimo cha mita 10 kutoka ardhini. Ndani ya dakika hizo 10 upepo unaweza kulala hadi 12 kisha ukanyanyuka hadi 30, na kwenye simu ikabaki 20 tu. Hapo namba haijakudanganya. Wewe ndiye uliyeitarajia iseme jambo ambalo haikupimwa kulisema.

Kuna sababu nyingine. Utabiri hutoka kwenye kompyuta kubwa zinazoigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa upepo mmoja. Matokeo ya modeli ya Marekani, GFS, ambayo programu nyingi za bure huyatumia, huja kwa miraba yenye upande wa kilomita 25 hivi. Modeli ya kituo cha Ulaya, ECMWF, ina miraba ya kilomita 9 hivi. Sasa kipime kisiwa chetu: Unguja mahali pake papana kabisa haifiki kilomita 40. Mraba mmoja wa GFS unaweza kubeba msitu wa Muyuni, nyumba zetu, maji ya ndani ya mwamba na bahari kuu nje ya mwamba, vyote vikapewa upepo ule ule. Nahodha yeyote anajua kwamba pepo hizo ni nne.

Hiyo namba ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni ya nini?

Hilo ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize. Kwenye programu nyingi utaona safu imeandikwa "Wind gusts". Hayo ni mapigo ya upepo, yaani kasi ya juu kabisa inayotazamiwa kwa muda mfupi sana. Kwa kipimo rasmi, pigo ni wastani wa sekunde 3.

Mapigo hutokea kwa sababu upepo wa juu una kasi kuliko wa chini. Unapopita juu ya minazi, kuta na paa hujikunjakunja kama maji ya mto yanayopita kwenye mawe, na kila mkunjo huuteremsha upepo wa juu kwa ghafla. Ndiyo maana upepo unaotoka baharini moja kwa moja hutulia mkono mmoja, na unaotoka bara, ukipita kwenye mashamba na mahoteli, huja kwa vishindo. Bahari ikiwa wazi pigo huzidi wastani kwa theluthi moja hivi. Nyuma ya minazi na majengo linaweza kufika mara moja na nusu, hata zaidi.

Sekunde 3 zinaonekana chache, lakini nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Upepo ukitoka 20 kwenda 30, tanga linabeba zaidi ya mara mbili ya mzigo liliokuwa nao. Niliwahi kuona kwa macho yangu ngalawa inaingia mlangoni, yaani kwenye upenyo wa mwamba, tanga limejaa vizuri, kijana aliyeshika demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga, ameifunga kabisa kwenye ubao ili apumzishe mkono. Maji upande wa kusi yakageuka meusi, kama mtu aliyeburuta kitambaa juu yake. Mzee aliyekuwa usukani aliona, akapiga kelele, "Achia!" Kamba ilikuwa na fundo. Ngalawa iliinua upande mmoja, samaki wakamwagika, na kamba ilikatwa kwa kisu. Walipona wote. Ukiitazama namba ya wastani ya siku ile, ilikuwa siku ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo soma safu zote mbili, kisha tazama pengo kati yake. Upepo wa 28 wenye mapigo ya 33 ni mzito lakini ni mwaminifu. Upepo wa 18 wenye mapigo ya 38 ndio wa kuogopa, kwa sababu utakuta umetweka tanga la upepo wa 18. Vijana wa kaiti kule Paje wamelijua hili siku nyingi, pengo ndilo wanalolitazama kwanza.

Redio inasema "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2". Ni mkali kiasi gani?

Maneno hayo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na utayasikia mara nyingi wakati wa kusi. Kilomita 40 kwa saa ni noti 22 hivi, noti ikiwa kipimo cha kasi cha mabaharia. Nje ya mwamba bahari inakuwa nyeupe kila upande na matone yanarushwa hewani. Chombo kidogo cha tanga hakina kazi huko.

Zingatia pia neno linalotangulia. TMA ina ngazi tatu za onyo: Angalizo, lenye rangi ya njano, Tahadhari, rangi ya machungwa, na Tahadhari Kubwa, nyekundu. Kijani maana yake hakuna tahadhari. Chini ya ramani huandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Watu wengi husoma rangi wakaacha hayo mawili, nami naona hayo ndiyo yenye faida kubwa: jambo ambalo uwezekano wake ni mdogo lakini athari yake ni kubwa linastahili kukuweka nyumbani.

Angalizo la njano si ruhusa ya kutoka. Nalirudia hili kwa sababu nimesikia mara nyingi, "Ni njano tu." Rangi ile imepangwa kwa ukanda mzima, pamoja na meli kubwa. Ngalawa ya futi 18 haikupewa rangi yake peke yake.

Noti, mita kwa sekunde, kilomita kwa saa: nitumie kipi?

Chochote, ila kimoja. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Ukipewa mita kwa sekunde, zidisha mara mbili upate noti kwa kukisia, au mara 3.6 upate kilomita. Ingia kwenye mipangilio ya programu uweke kilomita kwa saa ili ilingane na redio. Hatari ni kuona "20" ukadhani ni kilomita, kumbe ni noti: hiyo ni kilomita 37.

Mshale kwenye ramani unaelekea kaskazini-magharibi. Huo ni upepo gani?

Ni kusi. Mshale huonyesha upepo unakokwenda, jina husema unakotoka. Ukiona herufi SE maana yake unatoka kusini-mashariki. NE ni kaskazini-mashariki, yaani kaskazi yetu. Ukiona W au NW, simama kidogo: huo unatoka bara, na kwa pwani yetu ya mashariki upepo wa bara unakusukuma kuelekea bahari kuu.

Simu inaonyesha upepo utapanda saa 9. Ni saa tisa?

Hapana, na kosa hili limetutesa. Kuna asubuhi moja kijana alisoma "09:00" akawaambia wenzake upepo utapanda saa tisa. Wakahesabu kwamba wana mchana mzima. Ilipofika saa tatu asubuhi kusi ikapanda kama simu ilivyosema, nao walikuwa mbali nje ya mwamba. Walirudi saa nane mchana, wamelowa, mikono imechubuka kwa kuvuta kasia.

Saa ya simu huanza kuhesabu usiku wa manane. 09:00 ni saa tatu asubuhi, 12:00 ni saa sita mchana, 15:00 ndiyo saa tisa alasiri. Ukimpigia mtu simu kumpa habari za upepo, usitaje namba peke yake. Sema "saa tatu asubuhi". Na baadhi ya tovuti huandika saa za UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu kamili. Hakikisha kwanza.

Utabiri wa siku ngapi mbele ni wa kuaminika?

Inategemea msimu, na hapa watu wengi hukosea kwa kuupa utabiri imani ile ile mwaka mzima.

Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo wetu unatokana na jambo kubwa: mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini, upande wa visiwa vya Mascarene, unaosukuma hewa kuja ikweta. Mgandamizo huo ukiimarika, kusi huvimba siku tatu nne mfululizo, kisha hulegea. Jambo kubwa namna hiyo kompyuta huliona mapema. Siku tatu mbele unaweza kupanga safari, siku tano unaweza kupata picha. Kaskazi ya Desemba hadi Februari nayo ina adabu, ila huongezwa nguvu mchana, nitaeleza chini.

Wakati wa tanga mbili, ile miezi ya kubadilika pepo kuanzia Machi hadi Aprili, na tena Oktoba na Novemba, hadithi ni nyingine. Upepo mkuu ni hafifu, na upepo wa nguvu unaletwa na wingu moja moja la mvua. Wingu la kilomita tano halionekani kwenye mraba wa kilomita 25. Msimu huo utabiri wa kesho nauchukua kama dokezo, wa keshokutwa siutazami. Cha ajabu ni kwamba huu ndio msimu watu wanaouona mpole, kwa kuwa namba za wastani ni ndogo.

Mbona alfajiri ni shwari na mchana upepo unachachamaa, wakati utabiri wa siku ni namba moja?

Usisome namba ya siku. Fungua saa kwa saa.

Usiku ardhi hupoa kuliko bahari, na alfajiri hutoka kijiupepo chepesi cha bara, umande, ambao wazee waliutumia kutokea. Jua likipanda ardhi hupata moto, hewa yake hupaa, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi. Kwetu sisi upepo huo wa bahari unatoka mashariki, kwa hiyo unajumlika na kusi au kaskazi iliyopo. Ndiyo maana saa nane mchana mwezi wa Januari unaweza kukuta upepo mkubwa ambao saa kumi na mbili asubuhi haukuwa na dalili.

Upande wa Mjini na Fumba ni kinyume. Kisiwa chenyewe kinawakinga na kusi ya mashariki, wana bahari yao na saa zao. Ndugu yako wa Malindi ya Mjini akikupigia kukwambia bahari ni maji ya mtungi, mshukuru, kisha uangalie ya kwako.

Upepo wa mvua unautambuaje kabla haujafika?

Huu ndio ambao simu huukosa mara nyingi, kwa hiyo hapa nategemea macho.

Ndani ya wingu kubwa la mvua, hewa iliyopozwa na matone huwa nzito. Huporomoka, ikifika chini hutawanyika pande zote mbele ya mvua yenyewe. Pigo hilo linaweza kutangulia tone la kwanza kwa dakika kadhaa, na linaweza kutoka upande ambao upepo wa siku haukutoka. Dalili ni hizi: wingu lenye kitako cheusi kilichonyooka, upepo uliokuwepo kukata ghafla, ubaridi na harufu ya udongo uliolowa huku wewe hujalowa, halafu mstari mweusi au mweupe juu ya maji unaokuja. Ukiuona mstari huo, usibishane nao. Tua tanga kabisa, usilipunguze. Elekeza omo, mbele ya chombo, kwenye mawimbi, weka uzito chini, mngoje upite. Nyingi hupita upesi, na waliopata ajali ni wale waliotaka kuliwahi.

Likitoka upande wa Muyuni, yaani nyuma yetu, hatari ni mbili: linakupiga, tena linakupeleka nje.

Upepo ni wa kawaida, mbona mlangoni palikuwa pabaya?

Kwa sababu ya maji. Bamvua kwetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta kutokea milangoni. Yanapokupwa kwa kasi kwenda nje, na kusi inasukuma mawimbi kuja ndani, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Upepo ule ule wa kilomita 25 ambao maji yakijaa huoni tabu nao, maji yakipwa unaweza kukupindua. Utabiri wa upepo usomwe pamoja na kalenda ya mwezi. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, mlango huwa mpole zaidi.

Kuna kitu kimoja ambacho ukiulizwa haraka utakijibu?

Ndiyo: soma upepo wa kurudi. Watu wengi hutazama upepo wa saa watakayotoka, wakaona uko vizuri, wakatweka. Kipindi cha kusi ukishuka kuvua upande wa Bwejuu na kuendelea, unakwenda raha mustarehe, upepo uko mgongoni. Mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki nao unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unazidi nguvu. Kwa hiyo vitu viwili vinakusaidia kwenda, na vyote viwili vitakupinga kurudi. Mchana, upepo ukiwa umepanda, itabidi upige bisha, yaani uende mshazari mshazari dhidi ya upepo, hadi nyumbani, na kila bisha mkondo unakudai sehemu. Fungua simu utazame saa nane mchana kabla ya kutazama saa kumi na moja alfajiri.

Sisi wa mwani, upepo unatuhusu?

Sana, mama zangu. Mawimbi ya kusi yakivuka mwamba wakati wa maji kujaa hung'oa vijiti na kukata mwani uliokomaa, na asubuhi unaukuta umelala pwani kama takataka. Ukiona utabiri wa siku tatu za mapigo ya kilomita 40 zikikutana na bamvua, vuneni mwani ulio karibu kukomaa, msingoje. Kwa upande wa kuanika, upepo mkavu ni rafiki. Kinachoharibu ni pigo la mvua likikuta mwani uko juu ya turubai bila mzigo pembeni.

Programu mbili zinapishana. Niamini ipi?

Zinapopishana zenyewe zinakupa habari: siku hiyo haitabiriki vizuri. Mimi hulinganisha GFS na ECMWF kwenye programu ya Windy. Zikikubaliana, natulia, zikipishana, nachukua iliyo mbaya zaidi. Na onyo la TMA likitoka, ndilo la kufuata, hata simu ikionyesha kijani. Wale wana wataalamu wanaotazama ramani na setilaiti saa zote. Simu ina hesabu tu.

Vimbunga havifiki Zanzibar, sivyo?

Ni nadra, lakini si kweli kwamba havifiki. Tuko kwenye nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta vimbunga hupata shida kujizungusha, ndiyo maana vingi huishia Msumbiji, Madagaska na Komoro. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha mikarafuu kwa wingi. Tarehe 15 Aprili 1952 kikapiga Lindi. Na mwezi Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Miezi yote hiyo ni ya masika na mwanzo wa kusi. Redio ikitaja kimbunga, usiulize kama kitatua Jambiani. Mawimbi na mapigo yake husafiri mbali kuliko jicho lake. Vuteni vyombo juu kabisa, kwenye minazi, na mvifunge.

Wazee hawakuwa na simu na walivua. Kwa nini tusifuate yao?

Tufuate. Kila asubuhi kabla ya kufungua simu natoka nje kwanza: natazama minazi, mawingu ya mashariki, na weupe wa mawimbi juu ya mwamba. Lakini wazee nao walikuwa wakiuliza kila chombo kilichotoka mbali, "Huko upepo vipi?" Utabiri ni jibu la swali hilo hilo, limetoka mbali zaidi tu.

Chombo kimechelewa na upepo umebadilika. Tulio pwani tufanye nini?

Kazi hiyo huanza kabla hakijatoka. Kila nahodha amwachie mtu mmoja habari nne: mko wangapi, mnakwenda upande gani, mtarudi saa ngapi, na chombo kina rangi gani. Simu iwekwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ikiwa na chaji. Muda wa kurudi ukipita na upepo umepanda, msingoje jua lizame: toeni taarifa kwa sheha, kwa kamati ya wavuvi, na kwa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, wenye boti za uokozi. Waambieni upepo unatoka wapi na ulianza saa ngapi, kwa sababu chombo kilichozidiwa kitatafutwa upande upepo na mkondo vinakokwenda. Kipindi cha kusi, huko ni kaskazini yetu, kwa hiyo pigeni simu Paje na Bwejuu pia, watu wa huko wasimame pwani watazame.